Siku Chui Alipopanda Mninga

Muda mfupi baada ya Uhuru niliajiriwa kutunza wanyama katika bustani ndogo ya serikali pale Tabora. Tulikuwa na swala, mbuni, nyani wachache na chui jike aliyenaswa na wafugaji wa Igunga angali mtoto. Alikulia ndani ya kizimba cha chuma, kidogo hata akijinyoosha mkia unatokea nje. Kutwa alizunguka mahali palepale hata saruji ikalika, na mabegani manyoya yalikuwa yamekwisha.

Akaja mkaguzi kutoka Dar es Salaam. Alionja maji ya mbuni kwa kidole, akanusa nyama, kisha akasimama mbele ya chui kwa muda mrefu.

"Dada," akaniambia, "kwa hali hii sitoi kibali. Mnyama huyu apate pa kukimbia, pa kujificha na pa kupanda. La sivyo bustani itafungwa, naye atapigwa risasi, maana porini hajui kuwinda."

Nikalipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa tawi la chama. Mwenyekiti, seremala mzee wa mjini, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Binti yangu, watu wanahamia vijiji vipya hawana hata paa, nawe unataka kumjengea chui?"

Ukumbi mzima ukacheka. Nikajibu: "Ndugu Mwenyekiti, zamani tungesema aliyemfunga ni mkoloni. Leo ni sisi. Siombi fedha. Naomba mikono yenu Jumamosi."

Ndipo mama mmoja, muuza vitumbua, akainuka. "Mimi nitakuja na jembe langu."

Jumamosi walikuja wengi kuliko nilivyothubutu kuota. Mafundi wa reli walileta vyuma chakavu vya kusimamisha uzio, wahunzi wa mjini wakafunga nyaya, wakulima wakakokota mawe ya kujengea pango. Mwenyekiti naye akatokea na msumeno begani, akalitazama lango letu, akaguna. "Nani kalipima hili? Lingewaangukia." Akalifumua, akalitengeneza upya. Kiangazi chote tulijenga hivyo, tukiuzungushia mninga mmoja mkubwa uzio mrefu uliopindwa ndani kwa juu asitoroke.

Siku ya kumhamisha, tulisogeza kizimba hadi langoni tukainua mlango. Chui hakutoka. Aliendelea kuzunguka.

"Hajaona kuwa pamefunguliwa," Mwenyekiti akaninong'oneza.

"Ameona, mzee. Hajaamini tu."

Jua lilikuwa limeanza kuinama alipotoa mguu mmoja, akagusa majani, akaurudisha. Akautoa tena. Mara akachomoka! Alivuka uwanja kama mshale, akaurukia mninga, magome ya mti yakipukutika chini ya kucha zake, mpaka tawi la juu. Akajilaza pale, miguu inaning'inia, akitutazama kutoka juu.

Vigelegele vilipasuka. Nililia hadharani bila haya, na yule mama wa vitumbua akanishika mikono tukacheza mle vumbini, Mwenyekiti akitupigia makofi. Kibali kilikuja kabla ya mvua za kwanza.