Cheka Kidogo atafuta mpiga picha wa bei poa

Saa nne asubuhi, kwenye ngazi za ukumbi, maharusi wamesimama juani na ndugu wamejipanga huku na huku. Mpiga picha amepiga goti. Nyuma yake mkewe ameinua taa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ameshika mkanda wa suruali ya mumewe.

"Shangazi mtu umemwacha nje," anamnong'oneza. "Kushoto. Zaidi, baba watoto. Haya, piga."

"Cheka kidogo!" anapaza sauti mpiga picha, na kamera inalia.

Maneno hayo ndiyo yaliyompa jina. Ukitafuta mpiga picha wa harusi asiyekamua mtu, mtaa mzima utakuelekeza kwa Cheka Kidogo, nyuma ya duka la simu, penye pazia la bluu lililochujuka. Bei yake haifiki robo ya wanaorusha kamera angani. Na bado watu wanaomba awapunguzie.

Wasichojua ni kwamba haoni. Jicho la kushoto limeshakufa. La kulia linajifunga taratibu, kutoka pembeni kuja katikati. Ni presha ya macho, daktari amemwambia, na kilichopotea hakirudi.

"Nachungulia dunia kwenye tundu la kufuli," ananiambia. "Wewe andika tu. Harusi ya leo ndiyo ya mwisho, nimechoka kuficha."

Ameficha kwa gharama kubwa. Mwaka jana, mkewe akiwa mgonjwa, alikwenda kazini peke yake. Picha zilipotoka, mama mzazi wa bwana harusi hakuwemo hata kwenye moja. Mama wa watu alikaa upande wa kushoto kutwa nzima, amependeza, anatabasamu, na kamera haikumfikia.

Ukoo wa mume ukawaka: mpiga picha kahongwa na wakwe! Wakwe nao wakachachamaa kwa kusingiziwa. Mpaka leo familia hizo hazisalimiani.

"Ningesema sioni, nani angeniita tena? Nikafunga mdomo, watu wakagombana. Yule mama hakunikosea kitu," anasema. Inasikitisha kumtazama.

Sasa binti yake wa pekee anaolewa wiki ijayo. Binti alitaka picha zipigwe na baba, si mwingine. Baba akagoma, na kwa mara ya kwanza maishani akatoka kwenda kutafuta mpiga picha wa bei nafuu.

"Ungemsikia!" anadakia mkewe. "Eti, 'Kijana, nifikirie, mimi ni kama baba yako.' Yale yale anayoambiwa yeye kila siku na kukasirika!" Anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na anaendelea kujifuta hata kicheko kilipokwisha.

Walikubaliana. Yule kijana, kwa adabu, akamuuliza mzee anataka picha zipi hasa, zisije zikakosekana.

"Nikamwambia mambo ya picha anajua mwenyewe, apige atakavyo," anasema Cheka Kidogo. "Nimemwomba jambo moja tu. Mwanangu akiwa anaingia ukumbini, tafadhali, asije akasimama mbele yangu."