Dera la Jikoni Mahakamani

Juzi mahakamani mwanangu alinikimbia akajificha nyuma ya mlezi wake, maana nilipougua alilelewa na watu baki miezi minane, na afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke, alikaa nasi chumba cha pembeni kuandika kama mtoto ananijua au hanijui, ndipo kadhi aamue kama atarudi kwangu.

Asubuhi ile nilikuwa nimejifukiza udi, nikavaa abaya mpya, nikidhani mama ndivyo anavyotakiwa aonekane.

Wakili wangu, bibi wa ukoo wetu, akaninong'oneza: "Vua hiyo, mwanangu. Humu tumo wanawake peke yetu."

Nikavua. Ndani nilikuwa na dera la jikoni, kwa haraka sikubadilisha. Mtoto akasogea, akalinusa.

"Mama, umepika nini?"

Afisa akacheka, akaandika. "Huyu anarudi kwa mamake, kadhi nitamwambia mimi."

Nikasema samaki, nikalia, nikasema tena samaki.