Nyuzi mbili na kimya cha Mama Godeberthe

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Godeberthe ni kwamba gitaa lake lilikuwa na nyuzi mbili. Gitaa la besi huwa na nne. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Mbarara miezi mitatu kabla, nikaona ni wajibu wangu kumjulisha. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaeleza kwamba nyingine mbili zilikatika alipokuwa bado kambi ya Oruchinga, na hadi leo hakuna aliyeziulizia.

Ana miaka hamsini na mmoja. Hapa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale analima maharage, anauza nyanya, na Jumapili anaipigia besi kwaya ya Warundi. Muziki wote aliujifunza utotoni Burundi, kwenye kanda moja ya kaseti ambayo mjomba wake Nicodème aliileta kutoka Bujumbura. Ilikuwa fanki ya Wamarekani weusi, ile iliyopunguzwa hadi ikabaki besi, ngoma na maneno machache. Vipande vya muziki wa namna hiyo ndivyo wapiga diski wa kule walivyovirudia-rudia hadi vijana wakapata mahali pa kufokafoka. Mjomba Nicodème hakuyajua hayo. Alikuwa katekista. Aliisikiliza kanda mara moja, akaketi mezani na wembe, gundi na kipande cha kanda tupu, akasema inahitaji kutengenezwa.

Kanda iliyotengenezwa ilikuwa na mapengo manne. Besi ilitembea, ikanyamaza kwa muda wa kuvuta pumzi, ikarudi. Godeberthe aliyahesabu mapengo hayo kuwa sehemu ya wimbo, akayajifunza kwa bidii kuliko kitu kingine chochote. Leo yamo katika wimbo wa matoleo. Akina mama huja altareni wakicheza na vikapu vya ndizi kichwani. Kimya kikifika husimama wote, mguu mmoja mbele, na besi ikirudi huendelea. Padri mgeni aliwahi kuuliza maana yake. Aliambiwa ndivyo inavyokuwa.

Mwaka huu kijana Mkongo anayeitwa Gradi, mfokaji mwenye kundi la wacheza dansi, aliirekodi besi hiyo kwa simu akiwa nje ya kanisa. Aliiongeza kasi, akafokea juu yake, na wimbo ukaenea hadi Kaberebere, nje ya kambi. Mama Godeberthe aliusikia kwenye kibanda cha kuchajia simu. Alisubiri uishe, akaomba upigwe tena, kisha akamwita Gradi. Kijana alikuja na maelezo marefu aliyoyaandaa kuhusu haki za msanii. Hakuulizwa habari hizo.

"Kimya changu umekipeleka wapi?" Mama alisema.

"Nilikikata, Mama. Batu batazani mashine imekufa."

Gradi alikuwa amepata nafasi katika mashindano ya dansi huko Kakoba, mjini Mbarara, na alitaka Mama apige jukwaani. Mama alikubali kwa sharti moja: kimya kirudi, chote, kwa urefu wake. Bila hicho, alisema, watafute mtu mwenye nyuzi nne.

Walijaribu. Kimya kilipofika, wachezaji watatu waligongana na mmoja akaomba msamaha kwa ukuta. Mama aliwaambia waje kanisani Jumapili. Gradi, ambaye kwao ni Wapentekoste, aliketi kiti cha nyuma kabisa akawatazama akina mama wenye ndizi. Jioni hiyo kundi lake liliganda pamoja kwa mara ya kwanza. Mmoja alikuwa amesimama kwa mkono. Gradi akaomba warudie.

Mimi, kwa kupenda utafiti, niliutafuta wimbo wa asili kwenye simu na kumletea Mama. Mapengo hayakuwamo. Mahali pa kila pengo mwimbaji wa kike aliguna, kwa namna ambayo katekista hawezi kuiacha katika nyumba inayosali rozari. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Wamekosea," alisema, akanirudishia simu.

Tatizo lililobaki ni mshereheshaji wa Kakoba. Hakuna aliyewahi kumsikia akinyamaza. Inasemekana kwenye mazishi fulani, katika dakika ya kumkumbuka marehemu, alitangaza gari lililozuia njia. Akiropoka katikati ya kimya, wachezaji wataanza kabla ya besi, na Mama atakuwa ameipeleka kazi yake mjini iharibiwe mbele ya watu. Kwa hiyo juzi tulimfuata.

"Mama, mimi nikinyamaza, watu inaenda nyumbani," alisema.

Mama alitoa gitaa, akampigia. Kimya cha kwanza mshereheshaji alisema "sawa." Cha pili alisema "nimesikia." Cha tatu alifunika mdomo kwa kiganja na kutoa macho. Cha nne hakusema kitu, ila alikohoa, na Gradi anasisitiza kwamba kikohozi hakihesabiwi. Mama anasema kinahesabiwa.

Mashindano ni keshokutwa, Jumamosi, saa nane mchana. Kwaya nzima imekodi lori, akina mama wa matoleo wamo. Kundi la Gradi ni la sita kwenye orodha. Mama ametuma ujumbe kwa mshereheshaji akimwomba aendelee kufanya mazoezi, naye amejibu kwa sauti iliyorekodiwa, dakika nne na nusu, kwamba anafanya.