Mkono wenye Pete ya Akiki

Bibi aliyetulea mjini Ibra, Omani, baada ya wazee wetu kufariki alikuwa na kisa akikirudia kila tulipogombana mimi na mdogo wangu, kisa cha Nabii Yaakub na mabinti wawili wa mjomba wake. Kwanza alituonya kwamba hayo hayamo katika Kurani, ni maneno ya wanazuoni wa Kiyahudi, tusiyaapie wala tusiyakanushe. Kisha husimulia. Yaakub alimposa mdogo. Alijua mkwewe mjanja, angeweza kumbadilishia, kwa hiyo akapatana na mchumba wake ishara za siri. Siku ya harusi akaingizwa mkubwa, uso umefunikwa. Mdogo akaona dada yake ataaibika mbele za watu, akampa zile ishara, akanyamaza.

"Mwenzenu kamwachia nduguye mume," bibi akimalizia, "nyie mnapigania kanga."

Tulikuwa tukicheka.

Mimi niliacha skuli mama alipokufa. Tulishona kofia nyumbani, na kila Jumatano tukiziuza katika soko la wanawake. Bibi hakutaka kila mpita njia azijue sura zetu, basi tulijifunga shela mpaka puani, yakabaki macho na mikono. Jumatano moja mama mmoja wa mji wa Al Qabil aliushika mkono wa mdogo wangu, akaugeuzageuza, akaisifu pete yake ya akiki na mshono wake, akauliza sisi watoto wa nani. Mimi nilikuwa kando yake natunga uzi sindanoni. Sikulitia maanani.

Baadaye ami yetu, walii wetu wa kutuoza, alipiga simu kutoka Nizwa. Wanaume wa Al Qabil wamemwendea, wanamtaka msichana anayeshona kofia sokoni, naye amewakubalia. Bibi akamuuliza yupi. Ami akashangaa kuulizwa. Mkubwa yupo hajaolewa, mdogo atangulie vipi? Nyumba ikajaa vigelegele. Na mimi nilifurahi, sitaficha.

Siku ya pili yake mdogo wangu akaivua ile pete kwa sabuni, akanivisha. "Bibi harusi hakai vidole vitupu," akasema, akarudi kwenye sindano yake.

Pete hiyo ilikuwa ya mama. Nilimpa mwenyewe siku ya maziko, alipokuwa hanyamazi, na tangu hapo hakuwahi kuivua hata akikanda unga. Nilibaki nikiitazama kidoleni mwangu. Nilijua sasa nani aliyetakiwa, na nikajua kwamba yeye alijua kabla yangu.

Sikupata raha tena. Nikisema, ami ataonekana hatimizi neno lake, na mimi nitakuwa mkubwa aliyerukwa. Nikinyamaza, nitaingia nyumba iliyomtaka mwengine, na kila mdogo wangu akija kunitembelea nitakuwa nikimchunguza mume wangu macho. Chakula kilinishinda. Bibi akasema ni haya ya uchumba.

Wanawake wa Al Qabil walipokuja kutuona, mdogo wangu alijificha jikoni. Nilimfuata, nikamrudishia pete kidoleni kwa nguvu, nikamshikisha birika.

"Anayetia kahawa ni mdogo," nilimwambia. "Nenda."

"Dada, usinifanyie hivi."

"Nenda."

Alimtilia yule mama. Mama akanywa, lakini hakuitikisa finjani kuonesha ametosheka. Aliinyoosha tena, na tena, macho yapo kwenye ule mkono. Mwisho akaiweka chini, akaushika. "Mkono wangu ndio huu," akamwambia bibi. Kisha akanigeukia mimi, nimekaa katikati na nguo zangu za sherehe. "Na wewe nani, mwanangu?"

"Dada yake," nikasema. "Mimi ndiye niliyemlea."

Ami alinuna, lakini akamwoza mdogo wangu.

Mdogo wangu hakunishukuru. Nilipokuwa nikimpaka hina alinivuta sikio karibu, akaninong'oneza kwa hasira: "Nani alikwambia uirudishe? Nilikupa."

"Tuliza mkono," nikamwambia. "Hina itachafuka."

Aliutuliza. Nikaizungushia hina ile pete polepole, bila ya kuivua.