Kumpita Baba Mkwe

Nyaya za ile mashine ya gemu zilikuwa fupi, na shida yote ilianzia hapo. Aliyeiunda alidhani wachezaji ni marafiki wawili waliobanana kwenye zulia. Hakujua kuna nyumba kama yetu ya Nyansiongo, ambako anayetaka kushindana nawe ni baba wa mume wako. Baba wa mume wako humshiki mkono, huketi naye kochi moja, na akiingia kwa mlango huu wewe unatafuta mwingine. Kwa Kigusii tunaiita chinsoni. Ni heshima, sawa, lakini ni heshima yenye umbali wake, na nyaya zile hazikuufikia.

Mama mkwe ndiye aliyetafuta njia. Aliweka kigoda katikati, akaketi na ungo wa managu magotini, waya wa mzee ukapita kuliani kwake na wangu kushotoni.

"Mimi ni ukuta," alisema. "Chezeni. Lakini atakayenimwagia mboga atakula ugali mkavu."

Mume wangu alikuwa fundi wa televisheni katika duka la familia moja ya Kihindi mjini Kisii. Alikuwa akirudi nyumbani Jumamosi Sabato ikiisha, anaondoka Jumapili jioni. Mashine ile mteja aliileta dukani ikiwa imekufa, asirudi tena, na mwenye duka akamwambia ukiifufua ni yako. Akaifufua. Ilikuja na kaseti moja tu, ya vigari vidogo vinavyokimbizana, na njiani kuna visanduku. Ukigonga kisanduku unapewa silaha. Ganda la ndizi la kumtelezesha anayekufuata. Gamba la kumgonga aliye mbele. Nyota ya kukufanya usidhurike. Na kubwa kuliko zote, radi, ambayo huwapunguza wenzako wote wakawa kama siafu, nawe ukawapita au ukawakanyaga.

Baba mkwe alikuwa ameendesha lori la majani ya chai miaka mingi, kutoka vituo vya Gesima hadi kiwandani, kwenye barabara ambazo mvua ikinyesha hata ng'ombe hukaa chini ashuke kwa matako. Alipostaafu mikono yake ilikosa kazi. Siku ya kwanza alitazama vile vigari vinavyoendeshwa na mashine yenyewe, akauliza, "Hawa wengine ni kina nani?"

"Si watu, Tata. Ni mashine."

"Mimi sishindani na mtu asiyekuwepo. Mokamwana, chukua hicho kidude kingine."

Mokamwana ni mke wa mwana, kama Tata alivyo baba. Ndilo jina nililokuwa nalo katika boma lile. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, tena nimepita vizuri, nikaolewa, nikazaa, na sasa kila asubuhi nilikuwa nachuma chai huku mtoto amelala mgongoni. Nilikuwa na hasira. Sitasema ilikuwa hasira ya ujana wala ya uzazi, kama walivyosema. Ilikuwa hasira ya mtu mwenye akili ambaye hakuna anayemuuliza kitu.

Mzee alichagua dereva mnene kuliko wote. "Gari zito halipeperushwi," alisema, na kweli, lilichelewa kuondoka lakini likishika kasi hulikamati. Mimi nilichagua mdogo. Mdogo huondoka haraka, huzunguka kona kama panya, ila akigongwa na mnene anarushwa kwenye nyasi. Niliona mapema kwamba aliyetunga gemu lile alikaa chini akapima: huyu nimempa hiki, basi nimnyime kile. Jambo hilo lilinishika. Sikuwahi kuona mtu akipima hivyo. Nyumbani anayepewa hupewa vyote.

Lakini sikumpita mzee. Hakuna aliyenikataza. Nilikuwa nikimkaribia mgongoni, kidole chenyewe kinaachia mafuta. Nikabaki nyuma, na wale wa mashine wakinipita pia, mara nyingi nikawa wa mwisho kabisa. Na hapo ndipo jambo la ajabu likaanza. Kila nilipogonga kisanduku nikiwa wa mwisho, napewa nyota au radi. Mzee yuko mbele, anapewa ganda la ndizi, ganda la ndizi, tena ganda la ndizi.

"Mashine hii inakupendelea," alisema siku moja. "Mimi nimelimiwa shamba la ndizi humu ndani."

"Sijui, Tata."

"Unabonyeza wapi?"

"Hapo hapo unapobonyeza wewe."

"Mwache," mama mkwe akaniambia bila kuinua macho. "Mtu analalamika ndizi na yeye ni Mgusii aliyekulia migombani."

Zile radi sikuzitumia. Ungempiga baba mkwe radi? Nilizibeba mpaka mwisho wa mbio kama mtu aliyepewa bunduki kanisani. Lakini nilitaka kujua. Asubuhi, nikirudi kutoka kwenye chai na mtoto akiwa amelala, nilicheza peke yangu, na sikucheza ili nishinde. Nilijifanya wa kwanza, nikagonga visanduku. Nikajifanya wa nne. Nikasimama kando ya njia mpaka wote wakapita, ndipo nikagonga. Hatimaye nikaona: mashine haikuwa ikimpenda mtu. Ilikuwa inaangalia upo wa ngapi. Wa kwanza anapewa cha kujilinda tu. Kadiri unavyobaki nyuma, mkono wake unafunguka.

Nikagundua na jingine. Nikiwaacha wale wa mashine mbali sana, wananirudia kwa kasi ambayo vigari vyao havina, kama mzigo wa baiskeli uliofungwa kwa mpira wa tyubu: unavutika, unavutika, halafu unakuja wote. Hilo lilinikasirisha kuliko yote. Kwa hiyo anayekimbia vizuri anaadhibiwa. Lakini nikajiuliza, je, wangekuwa hawarudi? Mbio ingeisha kwenye kona ya kwanza, na aliyeshindwa angeenda zake asicheze tena. Nilizunguka na swali hilo kwenye mashamba ya chai siku nyingi. Nani kasaidiwa hapo, mkimbiaji au mbio?

Mume wangu alilipeleka jambo hili dukani. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, mjane, anayeongea Kiswahili na Kigusii na Kigujarati katika sentensi moja. Alikuwa na chumba cha nyuma chenye mashine kama yetu, vijana wanalipa wanacheza, na vijana hao walikuwa wanapigana. Nilipompeleka mtoto chanjo Kisii nilipitia pale.

"Ndio wewe?" akaniuliza. "Bwana yako anasema unajua kwa nini wanapasuliana shati."

"Anayeongoza anapigwa mwishoni, anadhani mwenzake amefanya wizi."

"Na si wizi?"

"Hapana, mama. Ni sheria ya gemu. Mwenye kujua hakai wa kwanza tangu mwanzo. Anakaa wa pili, anangoja mzunguko wa mwisho. Na wale wageni wasichezeshwe na wazoefu wakiwa na gari sawa. Mpe mgeni gari jepesi, mzoefu achukue zito, akianguka achelewe kuamka."

Alinitazama, akafungua mtoto wa meza, akanitolea gazeti lililotoka kwa ndugu zake London. Ndani kulikuwa na picha za mashine mpya ambayo ilikuwa bado haijafika nchi nyingi. Kidude chake cha kushika kilikuwa na pembe tatu, sikuelewa mtu atakishika kwa mkono upi. Na mbele yake matundu manne. Nilisoma ukurasa ule nikiwa nimesimama, mtoto akinivuta nywele. Watu wanne kwa pamoja, na gemu lile la vigari linatengenezwa upya kwa ajili yake. Vilima vya kweli, waliandika, barabara inayopanda na kushuka. Hawakuandika nililotaka kujua: radi itagawanywaje kati ya watu wanne walio hai?

"Mpwa wangu ataileta," mama wa duka alisema. "Nataka mtu wa hicho chumba. Mtu wa kueleza, si wa kupiga kelele. Utaweza?"

Nilimwambia nitaweza. Halafu nikarudi nyumbani, na baba mkwe akasema hapana.

Hakuniambia mimi, bila shaka. Alimwambia mama mkwe, mama mkwe akaniambia jikoni. Mtoto bado ananyonya. Mwanamke wa watu kukaa chumba cha nyuma na vijana wa mji. Chai itachumwa na nani. Mume wangu alikuwa amekubali, lakini mbele ya baba yake alikuwa mtoto wa darasa la pili. Nami nilikuwa siwezi kumkabili mzee na kubishana naye uso kwa uso. Hilo halifanyiki, na waliosema kwamba siku hizi linafanyika hawakuishi bomani mwetu.

Lakini mchana ule, nikiwa nimeketi kushoto kwa ungo wa managu, niligundua kwamba hatukuwa uso kwa uso. Sote watatu tulikuwa tunatazama televisheni.

"Tata," nikasema, macho kwenye barabara, "umesema sitakwenda."

Kigari chake kiliyumba kidogo. "Nimesema."

"Kwa nini?"

"Kazi ya mji inataka mtu mkali. Wewe ni mtu wa kunyamaza. Tazama, hata hapa. Kila siku unashindwa na mzee, na unapewa silaha zote."

Sikufikiri. Ningefikiri nisingethubutu. Kidole changu hakikuachia mafuta. Nilikaa nyuma yake mpaka kona ya daraja, mahali ambapo lori lake zito hutanuka nje, nikaingia ndani, nikampita. Sikutumia silaha yoyote. Nikamaliza, yeye akiwa bado anapinda.

Mama mkwe aliacha kuchambua mboga.

"Ulikuwa unaweza hivyo tangu lini?" mzee akauliza.

"Tangu wiki ya kwanza."

Aliweka kidude chini taratibu, akatoka. Nilidhani amekasirika kwa kupitwa. "Sivyo," mama mkwe aliniambia baadaye, akichochea moto. "Kupitwa alipitwa na malori mengi. Umemwacha ajisifu kwa majirani mwezi mzima juu ya mbio ambazo hakukimbia. Hiyo ndiyo inamuuma."

Nami niliuma meno. Nimefundishwa nibaki nyuma, nimebaki, sasa nina kosa la kubaki nyuma. Siku zile nilichuma chai kama mtu anayeing'oa.

Alikaa bila kugusa mashine mpaka Sabato ikapita. Jumapili, mume wangu akiwepo, alikuja mwenyewe akaketi upande wake wa kulia.

"Leo usinihurumie," alisema.

Nilimshinda. Nikamshinda tena, vibaya zaidi. Mbio ya tatu alianguka mtoni, akabaki wa mwisho, akagonga kisanduku, na mara akaona kwenye kioo kitu ambacho hakuwahi kupewa hata mara moja.

"Hii ni ya kufanya nini?"

"Bonyeza, Tata."

Alibonyeza. Sote tukasinyaa. Alikuja na lori lake lile, akatukanyaga mmoja mmoja, mimi wa mwisho, na nikasikia upande wa pili wa ungo sauti ambayo mama mkwe anasema hakuisikia tangu mzee aache kazi. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Halafu nikakua, nikamfuata, na kwenye kona ya daraja nikampita tena.

Kicheko kikaisha. Alikaa akiangalia majina kwenye kioo.

"Hata nikiwa na radi umenipita."

"Radi inakusogeza karibu tu, Tata. Haikuendeshei gari."

"Na huko mji, vijana wakibishana na wewe, utawaeleza hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akamgeukia mama mkwe, kama inavyotakiwa, ingawa nilikuwa nimeketi mita moja kutoka kwake. "Mwambie kwamba mtoto anayenyonya hakai siku nzima bila mama yake. Kama wanakwenda, waende wote wawili. Chai nitachuma mimi."

"Wewe?" mama mkwe akasema. "Majani mawili na kitumba, unayajua?"

"Nimeyabeba miaka yote."

"Umebeba magunia."

Nilikwenda kwenye nyumba yangu, hapo hapo bomani, kukusanya nepi. Mume wangu alikuja nyuma yangu akitabasamu, akaniuliza sijafurahi? Nilimwambia nimefurahi, lakini pia nina hasira, na asinitenganishie. Nilifaulu mtihani wa taifa, hakuna aliyeuliza. Nimempita mzee kwenye kona ya gari la picha, ndipo ikaonekana nina akili. Mume wangu alinipokea mtoto ili nifunge mfuko.

Ile mashine ya pembe tatu ilichelewa. Mpwa alikuwa anaahidi, anaahirisha. Jioni ile tulishuka Kisii, na Jumatatu nilifungua chumba cha nyuma na ile ya zamani. Mtoto nilimlaza kwenye boksi la televisheni lenye blanketi. Vijana wa kwanza walikuwa wawili, mmoja mzoefu na mmoja mgeni, na yule mzoefu akanyoosha mkono kuchukua gari jepesi. Nikamwambia aliache.