Shamba la Mke wa Ndugu Yangu

Mama yangu ana bonde dogo la mpunga karibu na Mavivi, lenye kijito kinachoingilia upande wa juu. Magoti yalipomchosha aliligawa. Mimi, binti yake wa kwanza, nikapata upande wa juu. Mke wa mdogo wangu akapata wa chini. Mdogo wangu anafanya biashara Butembo na huja Jumapili tu. Mkewe ni mtu wa Masereka, kule kwenye baridi, kwenye viazi na vitunguu. Mpunga shambani hakuwahi kuugusa. Nilijua nitamfundisha, naye atanishukuru mbele ya mama.

Tulipanda siku moja, mbegu moja. Baada ya wiki mbili akaanza kung'oa majani ya magugu, mtoto mgongoni, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta chawa kichwani. Mimi nilikuwa Beni sokoni na mafuta yangu ya mawese. Niliporudi nikaona shamba lake liko wazi, vishina vimesimama kwa kuachana. Langu lilikuwa limefunga, kijani kizito, refu kuliko lake. Nikamwita mama aje aone.

Mama alitazama kwangu, akatazama kwake. "Huyu mutoto anajua kazi," akasema. Hakuwa ananisema mimi.

Nimempikia mama, nimemfulia, nimemshika mkono kwenda hospitali. Hajawahi kunisifu hivyo.

Siku chache baadaye mke wa ndugu yangu akavuka tuta na kuja kwangu.

"Yaya," alisema polepole, kama anavyoitwa dada mkubwa kwetu, "ingine ya hapa hapana mupunga. Ni majani, inafanana tu." Akang'oa mashina mawili, akanionyesha pale jani linapoungana na shina. "Angalia fasi jani inashika shina. Mupunga iko na kaulimi keupe na nywele kidogo. Hii ingine haina kitu, iko laini tu."

Nilikuwa sijui jambo hilo, na kulisikia kwa mtu wa viazi kuliniuma.

"Mi nalima mupunga tangu utoto," nikamwambia. "Sema tu kama shamba yangu inakuuma macho."

Akavuka tuta, akarudi kwake. Nami nikaendelea kuamini kwamba ananionea wivu. Nilitaka sana iwe hivyo.

Majani yale yalitoa mashuke kabla ya mpunga, yakapukutisha mbegu zake majini. Chini yake mpunga wangu ulikuwa wa njano, mwembamba, shina moja na vichipukizi viwili. Kwa mke wa ndugu yangu, shina moja lilikuwa limezaa mpaka mkono haulizunguki. Siku ya kuvuna nilibeba changu kwa safari moja. Chake kilijaza chumba cha mbele cha mama. Jumapili, baada ya misa, mama aliwapikia wageni mchele wa mkwewe. "Hii ni ya binti yangu," akawaambia. Nilikuwa nimekaa palepale, nimeshika sahani.

Msimu uliofuata niliacha soko. Nilipalilia wiki ya pili, nikarudia ya tano, nikichunguza kila shina pale jani linaposhika. Lakini mbegu zilizopukutika kwangu zilikuwa zimeteremka na maji mpaka shamba lake la chini. Alikuwa na mimba ya pili, naye aking'oa leo, keshokutwa yanaota tena. Nilimwona akisimama, mkono kiunoni. Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilifurahi kwa siku tatu.

Siku ya nne akaniita. "Yaya, unisaidie kidogo? Mugongo inakataa."

Nikaingia majini kando yake. Tuling'oa mpaka jua likawa utosini.

"Sijue haya majani ilitoka wapi," alisema. "Mwaka jana haikukuwa huku."

Nilijua yametoka wapi. Nikainama zaidi, nikasema maji ya mvua huleta mambo mengi. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa yake, bila kuitwa, mpaka shamba lake likawa safi. Hakuuliza sababu. Alinipa viazi vilivyotoka kwao, nikavipokea.

Mwaka ule tulivuna karibu sawa. Mama alichota mchele wangu kiganjani, akaupuliza, akautazama vizuri.

"Ni mweupe," akasema. "Muke wa mudogo wako alikufundisha muzuri, basi umushukuru."

Nilimshukuru, kwa sauti, mama akisikia. Mke wa ndugu yangu aliona haya, akaangalia chini. Njiani kwenda nyumbani nililia kidogo, na hayakuwa machozi ya shukrani.