Mjomba Alipoonekana Johannesburg

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya korosho za kuchoma, mimi hurudi kwenye banda la video la Nachingwea. Jenereta lilinguruma nje, karibu na akina mama waliochoma korosho, na ndani madirisha yalizibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Tulibanana kwenye mabenchi, jasho likitutoka, macho kwenye televisheni moja. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nami nilikuwa darasa la nne. Mama yangu alilima Narung'ombe, upande wa Ruangwa, na kwa kuwa shule ilikuwa mbali na shamba lake, nililelewa mjini na bibi, mama yake. Bibi aliuza mbaazi na karanga sokoni. Lugha iliyomkaa mdomoni ilikuwa Kimwera. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia tu, na kusoma hakujua. Kumsomea ilikuwa kazi yangu.

Barua tulizosoma zilitoka kwa mjomba Hashimu, mwanawe wa pekee wa kiume. Alikuwa ameaga kwamba anakwenda Sauzi, yaani Afrika Kusini, kutafuta maisha, na barua zake tuliletewa na dereva wa basi la Dar es Salaam. Mjomba alieleza kwamba huzituma kwanza kwa rafiki yake wa Dar. Bibi aliniamuru nizirudie hadi azikariri, kisha akazipeleka sokoni kichwani mwake na kuwasimulia wateja. Wakaanza kumwita Mama Sauzi, naye akaitika "Abee!" kwa sauti ya kuringa ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani.

Siku moja barua ikasema mjomba ameonekana kwenye filamu, tena ya Kiswahili, iliyopigwa hukohuko Johannesburg. Saidi, mwenye banda, alipoipata, bibi alifunga meza yake baada ya alasiri, akavaa khanga mpya na kuingia bandani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akaketi mbele kabisa, mimi ubavuni. Filamu ilimhusu kijana aliyepotelewa na ndugu yake ugenini. Maandishi yalipotokea chini ya picha, Saidi akayasoma kwa sauti: "Sasa tuko Johannesburg!" Na hapo akapita mjomba, amevaa koti refu zito, akaegemea ukuta kama mtu anayemngoja mtu.

Bibi aliruka. "Hashimu! Jamani, mwanangu amenenepa!" Banda zima likapiga makofi. Akamtaka Saidi arudishe nyuma, Saidi akarudisha na kuisimamisha picha palepale. Ndipo nilipouona ukuta. Juu ya kichwa cha mjomba, kwa rangi nyekundu iliyochuruzika, palikuwa pameandikwa NYUMBA HII HAIUZWI.

"Somoe," bibi aliniuliza, "hapo wameandika nini?"

Makofi yalikwisha ghafla. Nilijua kwamba kila aliyepita shule mle ndani alikuwa ameshasoma.

"Kizungu, bibi," nikasema.

Nilingoja kicheko, hakikuja. Saidi alinitazama, akakohoa. "Kweli, Mama Sauzi. Kizungu cha kulekule, sisi hatukiwezi." Akabonyeza, filamu ikaendelea. Nyuma yetu mtu mmoja akasema koti lile ni zuri sana, na wengine wakakubali haraka.

Wiki hiyo bibi aliniandikisha barua ya pongezi. Niliandika kila alichosema, kisha chini kabisa nikaongeza ya kwangu: Mjomba, watu wote wameusoma ule ukuta isipokuwa bibi. Nimemdanganya. Tafadhali njoo umwambie mwenyewe.

Alikuja wakati wa kuvuna ufuta, amekonda kuliko kwenye filamu, mkononi mfuko mmoja. Hakusubiri hata maji. Alipiga magoti ukumbini akasema, "Mama, Sauzi sikufika. Nilikwama Dar, nabeba mizigo Kariakoo. Niliona haya kurudi. Wale watu wa filamu walitutoa sokoni, wakatuvisha makoti kwenye lile jua, wakasema mtaa huu leo ni Johannesburg."

Bibi aliikaza upya khanga yake kiunoni. Nilidhani atalia. "Mimi nimeliambia soko zima," alisema hatimaye. "Simama." Kisha akanigeukia. "Na wewe, Kizungu chako kile tutakizungumza jioni."

Alimshika mwanawe mkono kama mtoto anayepelekwa kunyolewa, akampitisha meza hadi meza. "Huyu ndiye Hashimu. Sauzi hakufika. Alikuwa Dar." Na kila muuzaji, hata wale waliokuwa bandani siku ile, aliweka mkono kifuani akashangaa: "Kumbe! Sisi tungejuaje?" Kisha wakampa pole ya safari. Mjomba alilia; ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mtu mzima akilia hadharani. Jina la Mama Sauzi hawakuliacha, naye bibi aliendelea kuliitika hadi alipofariki.

Nachingwea ya leo kila kijana ana simu, na ukimwonyesha mtaa wa kwenye filamu atakutajia mji wake kabla hujamaliza kuuliza. Sioni ubaya, ila sijui kama kuna umati ambao ungekaa kimya vile kwa ajili ya mama mmoja muuza karanga. Mwaka juzi kazi yangu ya uuguzi ilinipeleka kwenye mafunzo Johannesburg, ile yenyewe. Nilisimama kando ya barabara nikampigia mjomba simu ya picha. Alikuwa shambani kwake Nambambo, ufuta umemfika kifuani. Nilimwonyesha maduka, magari, watu wakivuka. Alitazama, akasogeza uso karibu.

"Geuza," akasema taratibu. "Nionyeshe na upande wa pili."

Nikageuka polepole, simu mbele yangu, naye akaitazama barabara yote, mpaka mkono wangu ukachoka.